Kadi ya Picha na Mzigo wa Mama

Mnisamehe kwanza kwa maandishi yangu. Shule niliishia darasa la sita, naandika polepole, na kioo cha simu hii kimepasuka pale pale penye herufi A. Mkikuta neno limekatika, lisukumeni mpaka lifike. Nisipoandika leo sitalala.

Jamani, nimeaibika. Mchana kweupe, katikati ya Makiso, mtaa wa maduka hapa Kisangani, mbele ya Kavira.

Mnajua kwamba mwaka mzima nimekuwa naunda kompyuta ya kuchezea michezo. Kipande kimoja kimoja, kama ndege anayejenga kiota. Kasha nilipata, kioo nilipata, kikabaki kitu kimoja: ile kadi inayotoa picha za mchezo, ambayo sisi hapa tunaiita carte graphique. Bila hiyo, mchezo unakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Na tangu vita vifunge njia ya Goma, kadi hizo hazionekani Kisangani. Wiki hii boti imefika kutoka Kinshasa, na Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vifaa vya kompyuta, amepokea mbili. Mbili tu, kwa mji mzima!

Duka lake lina sheria moja. Kadi inajaribiwa ndani ya mashine yako mwenyewe, ukiangalia kwa macho yako. Ikishatoka mlangoni, hairudi. Kwa hiyo asubuhi nikaifunga mashine yangu nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi, kwa kamba za mpira, nami nikatembea pembeni nikiishika kama mgonjwa.

Njia nzima kitu kiligonga ndani: ko, ko, ko.

"Grand, machine yako iko na njaa?" akauliza mwenye baiskeli.

"Ni skrubu tu," nikamjibu. (Skrubu gani inabisha hodi? Sikujiuliza.)

Simu ikalia mara tatu. Mama. Sikujibu. Nilifikiri anataka kunituma sokoni.

Dukani Papa Kambale alikuwa amekaa nyuma, na mezani nikamkuta binti yake, Kavira. Ndiye anayejaribu vifaa vyote, na ndiye sababu huwa napita mtaa ule bila kununua kitu. Nyuma yangu akaingia mwanafunzi mmoja mwenye miwani. Naye alitaka kadi. Nitakayoiacha mimi, anachukua yeye.

Kavira akaziweka zote mbili juu ya meza. Moja ndogo, feni moja. Nyingine ndefu, feni tatu, inameremeta kama gari la harusi. Moyo wangu ukaenda kwa ile ndefu, ukakaa huko.

"Mashine yako iko propre ndani?" akauliza Kavira. "Sababu vumbi ya Kisangani inaua ma-carte."

Mimi ambaye hata bonjour hunishinda kuitoa, sijui ulimi huu niliukopa wapi. Nikasema, tena kwa sauti:

"Mimi ni mutu wa informatique. Nimesoma. Ndani ya machine yangu unaweza kulia fufu!"

Akafungua ubavu wa kasha. Akaingiza mkono, akavuta, akavuta tena. Kikatoka kitenge cha kijani kilichofungwa fundo.

"Mutu wa informatique," akasema taratibu, "hii pièce inaitwaje?"

Nilikijua kile kitenge. Ni cha mama yangu! Wiki tatu zilizopita nilifungua kasha lile kwa mikono yangu, halikuwa na kitu kigeni. Kavira akafungua fundo juu ya meza, watu wakasogea. Ikatoka hati ya kiwanja chetu. Zikatoka karatasi zetu za kuzaliwa. Likatoka fundo la chumvi.

"Chumvi! Mu ordinateur!" Kavira akashika kichwa.

Ikatoka picha yangu nikiwa na miaka miwili, ndani ya beseni, nalia, sina hata uzi mwilini. Halafu ikatoka karatasi ambayo mwanafunzi mwenye miwani aliiwahi kabla yangu.

"Certificat ya primaire," akasoma, kama padre anayetangaza ndoa. "Asilimia hamsini na moja. Félicitations, informaticien!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Wakati huo huo simu ikalia tena. Nikapokea ili nipate pa kuelekeza uso. Kosa kubwa! Simu yangu haisikiki sikioni. Inasema kwa spika tu, na spika yake ni nzima kabisa.

"Trésor!" Duka zima likamsikia mama yangu. "Machine umepeleka wapi? Makaratasi ya nyumba iko mule ndani!"

"Mama, sasa kwa nini uliweka mu machine?"

"Ningeweka wapi? Siku vita itarudi na masasi italia, weye utatusahau siye wote. Mimi, papa yako, na dada yako. Lakini ile machine, hautaisahau!"

Walicheka. Mwanafunzi alivua miwani ili acheke vizuri. Kavira alishika meza. Mimi nilishtuka, maana mama alisema kweli. Alikuwa amenipima kwa rula.

Papa Kambale peke yake hakucheka. Akauliza, "Mama yako alishakimbia vita?"

"Ndiyo, papa. Hapa hapa mjini, akiwa msichana. Yeye na wazazi wake waliporudi, watu wengine walikuwa kwa nyumba yao, na karatasi ya kuonyesha hawakuwa nayo."

Kicheko kikapungua. Papa Kambale akakunja karatasi zetu moja moja, akafunga kitenge mwenyewe.

"Bon. Kavira, jaribu ma-carte."

Ile ndefu ikaingia, ikajaza kasha mpaka mwisho. Hata kitambulisho kisingepita. Ile ndogo ikaingia, chini pakabaki nafasi.

"Hapa kitenge kinaenea," akasema Kavira. Hakuwa anacheka tena. "Lakini ukitaka kuwasha, unatoa kwanza. Ukizima, unarudisha. Na chumvi, hapana!"

Nikaziangalia zile feni tatu. Mwaka mzima, jamani! Mwanafunzi alikuwa ananipumulia shingoni.

"Nipe ndogo," nikasema.

Sijamaliza neno, mwanafunzi ameshaikumbatia ile ndefu. Akanishukuru! (Hicho pia ni kipigo.)

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa mlangoni. Hakuuliza kadi gani. Hakuuliza kwa nini sikupokea simu. Aligonga ubavu wa kasha kwa vidole.

"Nafasi imebaki?"

"Imebaki, Mama."

"Basi umechagua muzuri."

Kwa hiyo tangu leo, kabla sijacheza, nauhamisha ukoo mzima, ndani ya kitenge chake, na kuulaza kitandani. Nikimaliza, naurudisha ndani.

Msinicheke, tafadhali. Niandikieni, hata mstari mmoja, nami nitawajibu polepole. Lakini kabla hujanicheka, nenda kwanza ukafungue ile spika kubwa ya muziki unayoipenda, uone kama mama yako naye hajaficha kitenge humo.