Ndoto Mia za Mshona Mito

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo mtandao umenifuata. Nimeushonea mito mji huu miaka arobaini na mbili bila kuhitaji mtandao, sasa umekuja wenyewe mpaka mlangoni, umeletwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma chuo. Alinikuta nimejilaza juu ya marobota ya sufi ya kujazia mito, nafikiri. Yeye anasema nilikuwa nakoroma. Msomi huyo, sibishani naye.

Kaniwekea kwenye simu vitu vya bure vya kusaidia wenye biashara ndogo. Kuna pahali pa kuchorea vipeperushi. Kuna pahali panapoonyesha watu wanatafuta nini mtandaoni. Tukaangalia mito. Kumbe watu wanatafuta mito muda huu huu, maelfu, na mimi nimekaa hapa nafukuza nzi. Kuna maktaba ya tafiti, unawasoma wataalamu bila hata kuvaa viatu. Halafu kuna fomu ya maswali: unaituma kwa watu, wanajibu kwenye simu zao, majibu yanajipanga yenyewe.

Fomu ndiyo shida yake. Anatafiti usingizi: watu wanalalia nini, wanaota nini. Anahitaji watu mia kabla ya Ijumaa. Wasipotimia, msimamizi wake chuoni hampitishi, na atarudia mwaka. Anao thelathini na wanane. Nikamwambia hao waliobaki aniachie mimi, mjomba wake. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamjibu niliwahi kumuuzia mito miwili mtu aliyeingia kuuliza njia.

Wazo langu jingine sikumwambia. Ng'ambo ya barabara yuko Bwana Sponji, anauza mito na magodoro ya sponji, anajiona wa kisasa. Utafiti ukisema sufi inaleta ndoto nzuri, siku hiyo hiyo nachora kipeperushi: WATAALAMU WAMESEMA. Nakibandika pale anapopatazama akinywa chai.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimezunguka asubuhi nzima. Kinyozi kasema hana bando. Mama wa maziwa kaniuliza tangu lini nimekuwa mpelelezi, na kama serikali inanilipa vizuri. Mke wangu kasema ndoto zake zinanihusu mimi, na hazifai kuandikwa pahali watu wazima wanasoma.

Bwana Sponji kajibu kwa sauti, ili barabara nzima isikie, kwamba yeye haoti, yeye analala. Nikamwambia ni kweli, sponji inafyonza kila kitu. Kinyozi alicheka mpaka akamwacha mteja na nusu kichwa.

Kwa hiyo nimeshinda. Majibu: hakuna hata moja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku kubwa. Jua liliingia mlangoni taratibu, likakuta vinyuzi vya sufi vinaelea hewani, kila kimoja na safari yake. Nikajilaza nikivitazama. Nikasema ngoja nijaze fomu moja, ya kujifunzia tu.

Ikaniuliza umri. Nikaweka ishirini na tisa. Kidole kilikwenda chenyewe. Kazi: nesi. Ndoto: naogelea juu ya mapaa ya mji, mapaa ni laini kama mtindi, wagonjwa wangu wote wako chini wananipungia mkono, wamepona. Nikatuma. Wallahi nilisikia raha mwili mzima.

Nikawa dereva wa basi ambaye basi lake limegeuka wingu na abiria hawataki kushuka. Nikawa mchinjaji, ng'ombe wakaja mlangoni kwake wakamwambia yameisha, tumesamehe. Nikawa mwalimu anayeandika kwa chaki juu ya mto, na maji yanasimama kusoma. Nikawa bibi harusi. Nikawa pacha, wote wawili. Wote wanalalia sufi, bila shaka. Mimi niliacha shule darasa la tatu, shule ilinichoka, lakini leo nimekuwa watu sitini na wawili kabla ya chai ya jioni, na hakuna aliyefanana na mwenzake.

Nikampigia mpwa wangu kwamba mia zimetimia. Akasema mjomba, wewe ni dawa. Hilo nalijua, lakini ni vizuri likitoka kwa msomi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mambo yameharibika.

Mpwa wangu kaja mchana. Hakusalimia. Kakaa juu ya sufi na kuanza kueleza kama anayesoma barua ya msiba. Msimamizi wake alipozisoma zile ndoto jana alisisimka. Alisema haijawahi kutokea. Watu sitini na wawili, kazi mbalimbali, umri mbalimbali, na karibu kila mmoja ndotoni anatokea mzee mmoja mtanashati anayemaliza matatizo.

Hapo nilijikuta natabasamu. Nikajizuia.

Baadaye msimamizi akatazama saa. Kumbe fomu inaandika saa. Ndoto zilikuja moja kila dakika saba, tangu saa mbili asubuhi. Halafu kuanzia saa saba mpaka saa nane na nusu mji mzima haukuota kitu. Halafu ukaanza tena. Akamuuliza mpwa wangu ni nini hutokea huko kwenu saa saba.

Nilikuwa nakula, nikalala kidogo.

Nilijaribu kumwambia kwamba zilikuwa ndoto za kweli, ni wenyewe tu ndio hawakuwapo. Hakucheka. Akasema yeye alimwahidi msimamizi kwamba kila jibu ni la mtu. Sasa ameitwa mwongo mbele ya wenzake. Kazifuta zote sitini na mbili, na amepewa wiki moja ya mwisho. Akalia bila sauti. Vinyuzi vya sufi vikamganda mashavuni, na mimi sikujua kama nimfute au niache.

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, mtu kwa mtu. Wao watasema, mimi nitaandika kama walivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Akaniapisha. Nikaapa mbele ya mke wangu, ambaye aliomba nirudie kiapo, kwa sababu mara ya kwanza nilikipamba.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Watu hawajui kuota. Nasema kwa masikitiko.

Kinyozi anaota ananyoa. Nikamuuliza ananyoa nani, labda simba, labda mwezi. Akasema wateja. Mama wa maziwa anaota amelala. Nikamuuliza mara mbili. Akasema ndiyo, anaota amelala, na hiyo ndiyo ndoto nzuri kuliko zote alizowahi kupata, niondoke mlangoni.

Nikaandika: anaota amelala. Kidole kiliuma.

Fundi baiskeli anaota nati imemdondoka, anaitafuta, anaiona. Basi. Nilikaa naye robo saa nikisubiri kitu kingine kitokee.

Thelathini na moja kwa siku tatu. Zote kavu kama mbao.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mpwa wangu kapitia majibu, akasema hivi ndivyo inavyotakiwa. Akanichekea kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nikamwonyesha kwamba wa sufi na wa sponji wanaota sawasawa. Akasema ndiyo, hilo nalo ni jibu. Nikasema ni jibu baya. Akasema majibu hayachaguliwi, mjomba. Kipeperushi basi tena.

Bado mmoja atimie mia. Nimemaliza mtaa wote, mpaka mlinzi wa benki, ambaye hakutaka kukiri kwamba huwa analala. Aliyebaki ni mmoja tu, na duka lake natazamana nalo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimevuka barabara. Miaka kumi na moja sijawahi kuingia kwake. Ndani kunanuka upya. Nilijiandaa kwa matusi, nikiwa na ya kwangu matatu mfukoni.

Bwana Sponji hakutukana. Aliuliza kama majina yanaandikwa. Nikasema hayaandikwi, umri tu, na mtu analalia nini. Akaanza kulibonyeza godoro moja kwa kidole gumba, anabonyeza, anaachia, anatazama shimo linavyojaa. Akasema huwa anaota mke wake, aliyefariki mwaka juzi. Kila mara ndoto ile ile. Mke anamwita kutoka uani: mvua inakuja, baba, anua nguo. Anatoka mbio. Kamba iko pale, nguo anaziona, mashati yake, kanga zake mama, zinapepea. Anakimbia na uwanja unarefuka. Hajawahi kufika. Anaamka mkono umenyooka.

Matusi yangu niliyaacha mfukoni. Nilimshukuru. Akasema nikimtangaza atanivunja meno, na yamebaki machache.

Nimerudi dukani. Nikajilaza kwenye sufi, simu kifuani, jua limepungua, hewa imejaa vile vinyuzi. Nikaandika kama alivyosema. Nikasoma. Nikasoma tena. Kisha nikatuma.

Mpwa wangu kajibu papo hapo: mia, mjomba, za watu kweli, kesho napeleka. Na asante kwa kutotia chumvi.

Chumvi sikutia. Nani katia chumvi? Nilirekebisha pahali pamoja tu, pale mwishoni, maneno machache ambayo hakuna mtaalamu atakayeyaona. Niliandika kwamba alifika. Alianua zote, mpaka soksi, akaingia nazo ndani zikiwa kavu, mke amemshikia mlango, na tone la kwanza likaanguka nyuma yake.