Karamu ya Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 4 Machi 1968
Kiwanda cha sabuni ya mche kinafunguliwa hapa Shirere. Kitaajiri watu arobaini. Katangaza Mzee Mukhwana, tarishi wa chifu, leo sokoni. Alhamisi kila anayetaka kazi afike langoni na "karamu" yake.
Nanjala, mke wangu, ameapa: nikikosa hii, nikalime kwa kaka yake huko Matungu. Yule shemeji! Huamsha watu kabla ya jogoo.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza sana. Karamu! Wakubwa wanataka kula kwanza. Jirani yangu Joash hajaelewa kitu. Ameketi mlangoni anachonga penseli. Maskini. Sikumwambia.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwomba Nanjala amchinje kuku wake mwekundu, yule atagaye. Aliuliza kama niko sawa kichwani. Kisha akamchinja. Mke wa namna hii yuko wapi tena?

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Foleni nzima imeshika kalamu. Mimi, sufuria. Karani, Bwana Maina, alitaka kila mtu ajiandikie jina. Joash alicheka mpaka akaegemea lango. "Cornelius, ndugu yangu, chovya mguu wa kuku kwenye mchuzi uandike!" Lakini aliniazima penseli. Namshukuru.
Kisha Maina akafunua sufuria. Akala ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali wetu, mpaka mwisho. Akauliza nani kapika.

Ijumaa, 8 Machi
Nanjala ameajiriwa! Mpishi wa wafanyakazi. Mimi nitampasulia kuni. Joash atapakia sabuni. Safari ya Matungu imefutwa. Nimemshukuru Mungu, Maina na marehemu kuku.
Tena nimepata elimu. Mzee Mukhwana hutamka r penye l. Hanipati tena.

Jumatano, 13 Machi
Mzee Mukhwana amepita kiwandani. Katangaza kwamba Jumamosi wafanyakazi wote wafike kwa "kura". Wenzangu wameitikia tu. Joash anazunguka akisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akiahidi kututetea kwa wakubwa. Sijui ana nini.
Kura! Mimi nilitabasamu peke yangu. Ni kula, bila shaka. Kiwanda hiki kina watu wema kweli.
Jumamosi, tarehe 16, saa tatu asubuhi. Nimemwambia Nanjala asinipikie chochote tangu Ijumaa mchana. Nitakwenda na sahani yangu.