Dawa ya Fimbo za Biliari

Polycarpe alipoingia katika baa ya Mama Sidonie pale Masisi, mwaka 1962, hakutazama bia wala watu. Alitazama meza ya biliari iliyoachwa na mlowezi mmoja aliyerudi kwao Ubelgiji, kisha akatazama baiskeli mpya iliyoegemezwa mlangoni.

"Hii iko ya nani, Mama?"

"Ya Papa Hakorimana wa Lushebere. Yeye njo anashinda wote hapa."

Moyo wa Polycarpe ukatulia. Alikuwa ametoka Walikale kwa sababu ambazo watu wa Walikale wangezieleza vizuri kuliko yeye, akiwa na suti moja, redio, na fimbo yake ya biliari ndani ya kasha refu. Alichukua fimbo moja ya baa, akainusa, akatikisa kichwa.

"Mama, hizi fimbo iko na ugonjwa. Muti iko na kiu ya mafuta. Miye nilijifunza hii kazi Bukavu. Nitazitunza bure."

Neno "bure" liliwafunga wote midomo. Akazipaka fimbo sita mafuta ya mawese yaliyochanganywa na asali, taratibu, kama padri anayebariki. Alijua fika kwamba fimbo ya biliari haitaki ila kitambaa kikavu, na kwamba mafuta huifanya ing'ang'anie vidole. Ndiyo maana fimbo yake mwenyewe aliipangusa kwa leso safi, akairudisha ndani ya kasha, akaliacha nyuma ya kaunta.

Kisha akamwalika Hakorimana wacheze Jumapili baada ya misa, wakishindania redio kwa baiskeli. Hakorimana alikubali kabla Polycarpe hajamaliza kusema.

Jumapili baa ilijaa hadi madirishani. Hakorimana alianza. Fimbo iliteleza vidoleni mwake kama sindano kwenye kitambaa, akatumbukiza mipira mitatu mfululizo. Polycarpe alifungua kasha lake haraka, zamu yake ilipofika. Fimbo yake ilikuwa iking'aa ajabu. Akainama, akapiga, fimbo ikanata, ikaruka, na mpira ukaanguka sakafuni miguuni pa katekista.

"Samahani, Dokta," Mama Sidonie alisema kutoka kaunta. "Asubuhi niliona yako njo pekee haikupata dawa. Nikaipaka mara mbili."

"Na zile zingine?"

"Zile nilipangusa, nikazikausha na kitambaa, vile muzungu alikuwa ananituma miaka kumi. Miye sijue mambo ya Bukavu."

Watu wote wakamgeukia Polycarpe.

"Dokta," Hakorimana aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, "kumbe ile dawa iko mubaya?"

Polycarpe aliwatazama vijana wabeba maharagwe waliojaa mlangoni, mikono yao minene kama mihimili.

"Hapana, Papa. Iko muzuri sana."

Zamu yake iliporudi aliinama, akapiga tena kwa fimbo ileile yenye dawa. Kabla ya saa saba redio ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli, ikiteremka kwenda Lushebere huku ikiimba. Polycarpe alisimama mlangoni akaisikiliza mpaka ilipopinda kona.