Uzinduzi wa Soko la Vidonge vya Kifafa, Majengo, Mpanda, 1996

Heshima ya kwanza iende kwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika, kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi mwenyewe, Eustace Lyamba, Mwenyekiti wa Kamati Kabambe ya Uratibu wa Soko la Dawa za Mishipa ya Fahamu na Akili. Heshima ya pili kwa Makamu wangu, ambaye pia ni shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, kamati ya kati na kamati ya dharura. Baba Paroko, ambaye amesema anapita tu. Ndugu viongozi wa vyama vyote, maana siku hizi ni vingi. Wazee wa Majengo, wakulima wa Magamba na Misunkumilo, ndugu zangu wafugaji mliofika na ng'ombe wenu, na ng'ombe wasisogee mbele tafadhali. Ndugu wagonjwa wa kifafa, ambao tumewakalisha kule nyuma upande upepo unakokwenda, kwa heshima zote. Mabibi na mabwana, habari za asubuhi!

(Umati: "Saa nane hii!")

Habari za saa nane. Kabla sijaanza, tujifunze wito wa mradi. Nikisema "Dawa!" nyie mnaitika "Inakuja!" Haya. Dawa! (Umati: "Inakuja!") Dawa! (Umati: "Inakujaaa!") Mmeona? Hapo tu tayari tumefikia asilimia hamsini ya utekelezaji, na bado sijakunywa hata maji.

Ndugu wananchi, historia ya mradi huu ni ndefu na mimi nimo kila mahali ndani yake. Mwaka jana Kamati ilifanya feasibility study ya miezi saba, ambapo sisi wajumbe tulisafiri mpaka Arusha, tukalala Arusha, tukala Arusha, ili kubaini kama Mpanda kuna wagonjwa wa kifafa. (Vicheko.) Arusha wakatuambia wapo Mpanda. Tukarudi. Ndipo tukagundua jambo zito ambalo wataalamu wa ng'ambo wamelikimbia: kwamba makampuni makubwa ya dawa hayana habari na kifafa cha huku kwetu, hayataki hata kukisikia, yanasema mgonjwa wa kijijini siyo mnunuzi. Mimi nikasimama kikaoni, nikapiga meza, nikasema, waheshimiwa, mnunuzi yupo, ila hajaratibiwa! (Makofi ya wajumbe.) Na chai ikaletwa.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia soko huria na utandawazi unaokuja, kila kata tukaipangia lengo la wagonjwa, kama tunavyoipangia lengo la tumbaku. Magamba, lengo lenu lilikuwa wagonjwa ishirini, mkaleta ishirini na watatu. Mmevuka lengo! Makofi kwa Magamba! (Makofi machache. Mzee Yohani wa Magamba, aliyesimama na ndoo ya mahindi anayoipeleka mashineni: "Sasa hapo tunapongezwa kwa lipi?") Majengo, lengo watano, mkaleta watatu, mmejikongoja. Lakini Misunkumilo! Lengo ishirini, mmeleta wanne. Wanne jamani! Katibu wa kata, Ndugu Yotham, simama watu wakuone. Unasemaje?

(Ndugu Yotham: "Wapo wengi, Mheshimiwa, ila wanafichwa ndani. Watu wanaona aibu, wanasema wagonjwa wamelogwa.")

Wanafichwa! Mmesikia wenyewe? Huo ni ulanguzi, ndugu wananchi! Kuficha bidhaa ndani ili iadimike! Wenzenu wanatoa wagonjwa wao hadharani, nyie mnawafungia jikoni, halafu baadaye mje mseme hakuna maendeleo. Ifikapo mwaka 2000 tunataka wilaya hii iwe na wagonjwa elfu tatu walioandikishwa, wenye afya njema na uwezo wa kununua. Kifafa...

(Umati, kwa mazoea: "Hoyeee!" Kisha vicheko. Bibi mmoja: "Toba! Tumesema nini?")

Hamjakosea, hamjakosea, ni ari hiyo. Na kifafa ni awamu ya kwanza tu. Awamu ya pili tunaingia kwenye magonjwa ya akili, wasiwasi, kukosa usingizi, mtu kusema peke yake, ambako mimi kama kiongozi naahidi kuwa mteja wa mfano. Yote hayo yatatibiwa ndani ya kituo hiki cha kisasa kilichoko nyuma yangu, nyuma ya turubai hili, chenye vyumba kumi na vinne, maabara, na ofisi ya Mwenyekiti. Utepe nimeshakata. Mlango mmeuona. Ni mlango wa mbao ngumu, wa buluu, na una kitasa.

Naam, mama, naona umesimama. Maswali yalipangwa mwisho, lakini mimi ni msikivu. Jitambulishe.

(Mwanamke mwenye kanga ya kijani: "Mie Pudensiana wa Magamba, mama Hana. Huyu hapa ndiye Hana. Mwaka juzi alianguka motoni, mkono huu mnauona. Tangu mganga wetu wa zahanati, Bwana Erasmus, aanze kumpa kidonge kila usiku, miezi minne hajaanguka. Ameanza tena shule. Jumatatu naenda zahanati, naambiwa kopo la vidonge limechukuliwa na Kamati. Mheshimiwa, kwangu vimebaki viwili. Hilo kopo liko wapi?")

Swali zuri sana. Makofi kwa mama! Mama, hilo kopo halikuchukuliwa, limepandishwa cheo. Hili hapa! (Ananyanyua kopo jeupe.) Lilikuwa limekaa kwenye rafu ya zahanati, halina ulinzi, watu wanakuja wanakula vidonge tu, kila wiki linapungua. Nikasema, hapana, hii ni rasilimali ya taifa! Tangu lihamie ofisini kwangu halijapungua hata kidonge kimoja. Vimo mia tisa, vyote. Na kesho asubuhi linaondoka kwenda Sumbawanga kwenye maonyesho, likakae mezani kama sampuli, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya wageni.

(Pudensiana: "Na keshokutwa usiku nimpe Hana nini?")

Mpe matumaini, mama.

(Umati unaguna. Ng'ombe mmoja analia. Mzee Yohani: "Aka! Matumaini yanamezwa na maji?")

Naona mmeninunia. Msininunie, mimi ni mtoto wenu, hapa hapa Majengo nilicheza mpira wa chandimu. Sasa sikilizeni, ili msije mkasema Kamati inaficha mambo, naagiza kopo hili lizungushwe kwa umati mzima, kila mwananchi alishike, alitikise, aone fahari, kisha linirudie. Lianzie kwa wazee. Likifika kwa wagonjwa kule nyuma, msilitemee mate, maana povu la kifafa linaambukiza, na mimi ndiye nitakayelibeba.

(Pudensiana: "Haliambukizi! Mie namshika kila anapoanguka, namfuta hilo povu kwa mikono hii. Nimeanguka lini?" Bwana Erasmus, kutoka nyuma: "Kweli kabisa. Haliambukizi." Makofi makubwa kuliko yote.)

Ahsanteni kwa makofi. Tunaendelea. Ndugu wananchi, takwimu. Tangu Kamati iundwe tumekaa vikao sitini na kimoja, sawa na ongezeko la vikao la asilimia mia moja ukilinganisha na kipindi ambacho Kamati haikuwepo. Semina tisa. Stakeholders workshop mbili, ya pili ikiwa na kuku. Tumeandaa strategic plan ya kurasa mia mbili na kumi, ambayo mimi binafsi nimeisoma jalada lake mara kadhaa, na kila nikilisoma linanigusa.

(Kopo limefika nyuma, mikononi mwa Bwana Erasmus. Anatoa daftari lake la wagonjwa mfukoni, anakaa chini. Wagonjwa thelathini na ndugu zao wanamzunguka.)

Naona kule nyuma mnakusanyika kwa hamu. Vizuri sana! Watu waliokuwa wanafichwa ndani leo wanakusanyika mchana kweupe. Hayo ni matunda ya uongozi wangu.

(Bwana Erasmus, sauti ya chini: "Anselmo, vidonge thelathini, kimoja usiku, usiruke hata siku moja. Verdiana, thelathini. Hana, thelathini. Mama Hana, funga vizuri.")

Nasikia mnahesabu. Hesabuni! Huo unaitwa ukaguzi shirikishi, hata Ulaya wanauonea gere. Mimi sina cha kuficha, mnaweza kuhesabu mpaka kimoja cha mwisho. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kuhusu mimi. Nilipozaliwa, marehemu mama aliniambia...

(Ndoo ya mahindi ya Mzee Yohani inapitishwa juu ya vichwa vya watu kwenda nyuma. Baada ya muda inarudi, imepungua kidogo. Baba Paroko, aliyekuwa anapita tu, anageuka na kutazama ng'ombe kwa makini.)

...na ndiyo maana sijawahi kuwa na makuu. Ala, kopo limesharudi! Lilete. Sikilizeni. (Analitikisa. Linalia vizuri.) Mmesikia? Limejaa hata kuliko lilivyoondoka! Wananchi wa Mpanda, nyie ni waaminifu, kwa kweli mmenitoa machozi.

(Vicheko virefu. Mheshimiwa anapunga mkono.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Kasimu, fundi seremala, kwa kutuazima mlango huu wa buluu. Ni mlango wa choo chake, na familia yake imeshatuma mtu mara tatu kuuulizia, kwa hiyo nikishuka tu mumrudishie mbio. Nawashukuru wenye lori la tumbaku kwa turubai. Ombi langu msilishushe kabla gari langu halijaondoka, kwa sababu nyuma yake ni uwanja wa mpira na vijana wana mechi saa kumi. Namshukuru mkandarasi kwa kutofika, maana angefika angetudai kiwanja, na kiwanja hatuna. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawaandikia barua mara tu karatasi zitakapopatikana. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Erasmus kwa kopo hili, ambalo mpaka dakika hii ndilo mradi wote.

(Bwana Erasmus anainama kidogo. Daftari limesharudi mfukoni.)

Basi tuage kwa wito wetu. Kwa nguvu zote! Dawa!

(Umati, kwa sauti moja: "Imefika!")

Hapana, hapana. "Inakuja." Msiiwahishe. Tena. Dawa!

(Umati: "Imefikaaa!" Vigelegele kutoka nyuma. Hana anaruka-ruka. Pudensiana ameshika fundo kwenye pembe ya kanga yake kwa mikono miwili: "Safiri salama, Mheshimiwa. Ila ukifika Sumbawanga, hilo kopo usilifungue mbele ya wageni!")

Mmemsikia? Mama aliyekuja hapa na malalamiko, sasa ndiye anayelinda mali ya mradi. Silifungui, mama, nakuahidi mbele ya wote hawa. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na huo mlango tafadhali, Bwana Kasimu anakuja.