Nani Atamsindikiza Oldřich?

Jumapili, 14 Septemba

Naiomba radhi shajara hii. Sijaandika tangu Mei, na sentensi ya mwisho naikuta imekatikia kwenye kiunganishi. Aibu kubwa kwa mtu aliyefundisha sarufi miaka thelathini na minane! Kilichonirudisha kwenye kalamu ni Oldřich.

Oldřich ni rafiki yangu na jirani yangu wa ghorofa ya chini. Ana sonona kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Amemeza vidonge vya kila rangi, hali ni ile ile. Nani alimpelekea supu kila Alhamisi? Mimi. Nani alikaa naye wakautazama ukuta pamoja? Mimi. Hakuwahi kucheka hata siku moja.

Mwezi uliopita madaktari wa Praha walimwingiza katika majaribio ya tiba mpya. Kidonge kimoja chenye kiini cha uyoga uletao njozi. Kitambaa machoni, muziki, kulala kitandani kwa muda wa saa sita, wataalamu wawili pembeni. Kisha wiki kadhaa za kuzungumza juu ya aliyoyaona.

Leo nimemsikia akipiga mluzi kwenye ngazi. Miaka kumi na minne ya supu yangu haikuzaa mluzi! Tena uyoga! Katika mji huu mjuzi wa uyoga ni mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Kikao chake cha pili ni Ijumaa ya tarehe 26. Mgonjwa haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake. Sharti awe na msindikizaji. Mara ya kwanza alikwenda na dada yake, ambaye sasa ameteguka kifundo cha mguu. Basi nafasi ni yangu. Nimevaa tai, nikangoja.

Saa nne Oldřich akabisha hodi. Alitaka chumvi. Akanieleza, huku akitabasamu, kwamba atakwenda na Kubát. Kubát! Tarishi mstaafu anayeishi humu humu jengoni, mtu wa makosa saba katika salamu moja! Wamejuana miaka miwili tu, kwenye karata.

Chumvi nimempa. Kidogo.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango wa kwanza: kama siwi msindikizaji, nitakuwa mgonjwa. Nimepanda treni hadi Praha na kikapu cha uyoga wa msituni, ule mnene wenye kofia ya kahawia, kama ushahidi wa ujuzi wangu. Daktari Menšíková, binti wa miaka thelathini na kitu, amesema dawa yao hutengenezwa maabara na kupimwa kwa miligramu. Uyoga wa msituni hauwahusu. Kikapu amekipokea hata hivyo. Amenipa hojaji ya maswali ishirini na moja kuhusu huzuni. Nimeifanyia kazi kwa bidii.

Alhamisi, 18 Septemba

Daktari amepiga simu. Amesema sikujibu swali hata moja. Nimesahihisha mikato tu, na mwisho nimeipa hojaji alama. Ni kweli. Ilistahili alama mbaya zaidi.

Akauliza kwa upole kama nina huzuni. Nikamjibu kwamba sina huzuni, nina hasira. Kwa nani? Kwa mtu anayepona bila kunihusisha. Akasema, “Hiyo ni wivu, Bwana Mwalimu, na ya wivu hatuna dawa.”

Nikamwambia: huo ni wivu. Huo! Akakata simu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mpango wa pili: kumwondoa Kubát. Ana tamaa moja, kujua ninapookotea uyoga. Hapa kwetu mtu hamwambii hilo hata mkewe. Baba yangu alinitajia mahali hapo alipokuwa hoi kitandani. Nimemnong'oneza Kubát kwamba nitamchorea ramani, ila uyoga utachomoza asubuhi ya Ijumaa ya tarehe 26 tu. Macho yakamtoka. “We Mwalimu, usinichezee!” Nikaapa. Akaahidi kwamba Ijumaa hiyo hana safari nyingine yoyote.

Ramani inaelekea kwenye kinamasi kitupu. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatatu, 22 Septemba

Oldřich amekuja jikoni kwangu. Hapigi mluzi. Kubát amejitoa, na bila msindikizaji kikao kitafutwa, nafasi apewe mwingine. Akautazama ukuta kama zamani. Nakiri, nilifurahi. Kama dakika mbili hivi. Kisha nikamwona bado anautazama ukuta, nikajitolea kwenda naye.

Hakuruka kwa furaha. Akasema siku ya kikao mtu hutoka akiwa kama yai lililomenywa, na maneno humtoka vyovyote. Ndiyo maana hakuniomba. “Bedřich, mwaka ule nilikwambia sitaki tena kuishi. Wewe ukaniambia neno ‘tena’ limekaa pabaya.”

Sikumbuki. Lakini nikiitafakari sentensi yenyewe, linaweza kukaa mahali pawili.

Akasema nitamsindikiza kwa sharti moja, na ataniandikia nitie sahihi.

Jumatano, 24 Septemba

Balaa! Kubát hakuweza kungoja Ijumaa. Alikwenda kwenye kinamasi jana, akarudi na vikapu viwili vimejaa! Amenikumbatia mbele ya duka la mikate, akaniita ndugu. Sasa Ijumaa yake i wazi, na amemwambia Oldřich kwamba yuko tayari.

Hata hivyo Oldřich, kwa kuwa aliniahidi, akaniletea karatasi yake papo hapo. Sharti lilikuwa la neno moja, “usinisahihishe”, nalo lidumu mpaka tufike mlangoni kwake. Nilikwisha kushika kalamu nitie sahihi. Lakini alikuwa ameandika “usinisahishe”. Silabi nzima imepotea! Nikamwonyesha, kwa faida yake, maana huenda madaktari wakaiona.

Akaichukua karatasi, akashuka ngazi, nikasikia akibisha kwa Kubát. Amesema kesho atatuambia nani anakwenda naye.

Sina wasiwasi hata chembe. Kubát asingeliona kosa lile maishani mwake. Nitaandika Oldřich akishaamua.