Mnara wa Vikapu

Jumatatu, 3 Juni
Gunia la vikapu limefika kutoka nyumbani. Shangazi kasema kwenye simu kwamba karakana yao ya ususi inapumua kwa shida. Hivi visipopata mnunuzi mjini, kina mama watafunga mlango waende kulima mashamba ya watu. Nikamwambia atulie, mimi nipo. Sikumwambia nipo vipi: mbeba zege, chumba kimoja na fundi rangi anayekoroma. Mpango wangu: vikapu viuzike, karakana ikue, itake meneja. Meneja anaishi nyumbani na mkewe. Basi.

Jumanne, 4 Juni
Nimempelekea mama wa duka la zawadi kikapu kimoja. Akakigeuza, akakinusa, akafumba macho. Akasema, mwanangu, hiki kinanukia majani, niletee vyote Jumamosi, hivi hivi vilivyo. Mama wa watu ana haraka. Kama kavipenda na sura hii ya shamba, je, vikipambwa?

Alhamisi, 6 Juni
Kazini ilibaki rangi ya mafuta, ya kijani, ile ya mageti. Nimevichovya vyote. Fundi rangi akaniuliza kama nimewahi kuona mtu anapaka mkate rangi. Wivu. Chumba hakina nafasi, kwa hiyo nimevipachika kimoja ndani ya kingine, kama tunavyopanga ndoo za zege jioni. Kichwa kinauma kwa harufu. Hata hivyo nalala nikiwaza mlango wa kwetu.

Jumamosi, 8 Juni
Vimeshikana. Ni kitu kimoja sasa, mnara wa kijani unaonifika kifuani. Nimevuta, fundi rangi akavuta upande wa pili, tukaanguka wote wawili, mnara haukushtuka. Nikaubeba begani hadi dukani. Mama wa duka akauzunguka, akaunusa, akapiga chafya. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, hili ni bomba la maji machafu?

Nikarudi nao. Shangazi akapiga simu. Nikamwambia vyote vimekwenda, malipo yatafuata. Si uongo, vilikwenda hadi dukani. Nikasikia vigelegele nyuma yake. Akasema hawafungi tena mlango, na kwamba mimi ni mtoto wa kujivunia. Kisha mke wangu akachukua simu. Akasema kile chenye fundo jekundu kitakoni si cha kuuza, kakisuka kwa ajili yangu, nitie nguo siku nikirudi. Akauliza kama nimekiona. Nikasema ninacho hapa mbele yangu. Huo nao si uongo.

Jumapili, 9 Juni
Fundi rangi kaenda kwa dada yake. Wengine nao wana pa kwenda. Nimebaki na mnara. Fundo jekundu liko humo ndani, sijui kikapu cha ngapi. Nimeingiza kichwa kwenye cha juu kabisa, nikakaa hivyo. Nyuma ya rangi nikasikia harufu ya majani. Au nilitaka tu kuisikia.

Fundi rangi ana dawa ya kuyeyushia rangi. Anasema itakula na majani. Wivu ule ule. Kesho nauchovya mnara mzima.

Na Shangazi nimeshampigia, atume gunia jingine, kubwa zaidi. Hivyo vipya nitavipaka rangi nyeupe.