Mkosi wa Tarehe Kumi na Tano

Jumatatu, 27 Machi

Siku mbaya. Nimekata mikono miwili ya gauni la harusi la mpwa wangu, na yote miwili ni ya kushoto.

Nieleze vizuri, maana hata mimi bado siamini. Lesi hii ina uso na mgongo. Usoni maua yameinuka, mgongoni ni mafundo ya nyuzi tu. Ukiikunja sawasawa ukakata mara moja, unapata mkono wa kulia na wa kushoto. Mimi sikuikunja. Nilikata mmoja, nikautandika ule ule juu ya kitambaa kuwa kipimo, nikakata wa pili. Fundi mzima! Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Nimezunguka madukani mpaka miguu imeniuma. Lesi ya namna hiyo imekwisha. Mwenye duka anasema mzigo mwingine utaingia baada ya tarehe ishirini. Harusi ni Jumamosi, tarehe 15 Aprili.

Na kazi yenyewe niliing'ang'ania. Dada yangu, mama wa bibi harusi, alitaka kuipeleka kwa Mama Pasi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Mimi ndiye niliyemfundisha Mama Pasi kutia uzi kwenye sindano, na sasa ana cherehani za umeme na kioo kirefu cha wateja. Nilimwambia Dada kwamba Mama Pasi hukata kwa pupa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Akijua kilichotokea, hataniamini tena hata kwa kifungo.

Njia ni moja tu. Harusi iahirishwe.

Jumanne, 28 Machi

Nimepata!

Nina kitabu kinene cha matukio ya historia, siku kwa siku, kuanzia mosi Januari mpaka mwisho wa Desemba. Mteja mmoja alikisahau hapa zamani. Nakitumia kukandamizia kitambaa kisiteleze. Leo nilikifungua kwa uchungu tu, nitazame tarehe 15 Aprili, nione kama kuna mwingine aliyewahi kupata siku mbaya kama itakayonipata mimi.

Wapo tele. Mwaka 1912 meli ya Titaniki ilizama. Mwaka 1865 Rais Abraham Lincoln wa Marekani alifariki, risasi alipigwa jana yake akiwa ameketi anatazama mchezo wa kuigiza. Yaani mtu amekwenda kustarehe. Tarehe gani hii, na watu wazima wameketi wakaichagua kwa harusi?

Ukurasa huo huo una mazuri pia. Leonardo da Vinci alizaliwa siku hiyo, na kamusi kubwa ya Kiingereza ilitolewa. Hayo sikuyanakili.

Jumatano, 29 Machi

Nimefika kwa Dada nikiwa na uso wa huzuni. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo.

Dada alikuwa anakunja nguo. Shemeji, mume wake, alikuwa kwenye kiti chake. Shemeji ni mwalimu mstaafu wa historia na siku hizi kazi yake ni kuisahihisha taarifa ya habari kutoka sebuleni. Nikataja meli, kama mtu aliyekumbuka tu. Shemeji akarukia pale pale, akasema iligonga barafu usiku wa tarehe 14, ikazama alfajiri ya tarehe 15. Nikamshukuru kwa kunisahihisha. Dada akaacha kukunja nguo.

Sikusema mengi zaidi. Nilitaja tu barafu, halafu nikauliza bwana harusi anaendeleaje na kazi yake. Bwana harusi ni fundi wa majokofu. Nikanywa chai yangu taratibu.

Shemeji, ambaye hawezi kuacha jambo lipite, akasema ni vizuri tukumbuke kwamba Leonardo da Vinci naye alizaliwa tarehe hiyo. Nikamwuliza kwa upole kama Leonardo aliwahi kuoa. Akafikiri. Akakiri kwamba hakuoa kamwe.

Dada akashika tama. Nikaaga. Njiani nilipiga mluzi.

Ijumaa, 31 Machi

Kikao cha familia. Dada akasimama akasema tarehe 15 ina mkosi, na kwamba anamshukuru kaka yake kwa kulitambua hilo mapema. Watu wakanigeukia. Shangazi mmoja upande wa bwana harusi akasema familia ina bahati kuwa na mjomba kama mimi. Nikatazama chini kwa unyenyekevu. Kifua kilikuwa kimejaa.

Kisha Dada akasema Mungu ni mwema, ukumbi umepata nafasi, kuna wachumba wamegombana. Harusi itafanyika tarehe 8.

Nikadhani sikusikia. Nikauliza nane ya mwezi gani. Nane Aprili, akasema, ya nini tungoje mkosi utukute? Wiki moja kabla ya tarehe ya awali! Wiki ijayo!

Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimerudi kwa Dada asubuhi na mapema kuisafisha tarehe 15. Nikamweleza habari za kamusi, kazi ya miaka mingi, elimu kwa watu wote, baraka tupu. Nikamwambia Leonardo hakuoa kwa sababu ya shughuli nyingi, si kwa mkosi. Nikamsihi turudi kwenye tarehe ya zamani, angalau nipate hiyo wiki moja.

Dada akanitazama. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya begani, akasema nusura auingie mtego, siku ya wajinga hii nimempatia kweli.

Shemeji akafungua mdomo kusema kwamba habari ya kamusi ni sahihi kabisa. Dada akamwambia asishirikiane nami. Akaufunga.

Huo ndio ukweli wa kwanza niliousema wiki hii, na ndio uliochekwa.

Jumatatu, 3 Aprili

Maji yako shingoni. Nimefungua tarehe 8 Aprili kutafuta maafa. Hakuna kitu cha maana. Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa, mahasimu wa tangu na tangu, walitiliana saini mapatano. Hayanisaidii. Mwaka 1820 mkulima mmoja katika kisiwa cha Milo alifukua sanamu ya marumaru ya mwanamke mrembo ajabu, lakini haina mikono. Picha ipo. Niliitazama, nikaona kama ananicheka. Nikafunga kitabu.

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Bibi harusi! Amekuja kujaribisha gauni bila kunijulisha. Nikaibwaga mikono chini ya kitabu. Nikamwambia gauni halijawa tayari, nina mafua, umeme umekatika. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu.

Akalitoa gauni mwenyewe, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka akasimama mbele ya kioo, mabega wazi. Kisha nikaona machozi.

Basi, nikasema moyoni, limenifika. Nikaropoka yote. Mikono, lesi, duka, meli, Leonardo. Nilipomaliza nikagundua hakuwa ananisikiliza. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama linaweza kubaki hivi hivi.

Kumbe mikono hiyo hakuitaka tangu siku ya kwanza. Lesi inamwasha. Aliyeitaka ni mama yake, na mimi nilikuwa nimetangaza kila mahali kwamba nitashona mikono ambayo mji haujapata kuiona, kwa hiyo aliogopa kunivunja moyo. Mtoto wa watu alikuwa halali kwa ajili ya mikono ile. Na mimi nilikuwa silali kwa ajili ya mikono ile ile.

Nilikaa kwenye kigoda. Hata kutafuta lesi madukani sihitaji tena.

Limebaki moja. Tundu za mikono ni pana mno, kwapani gauni linabenuka. Kulibana bila kuliharibu ni kazi ya mkono mwepesi na mashine nzuri. Najua ni ya nani. Sitaki kuliandika jina lake hapa.

Jumanne, 4 Aprili

Nimevuka barabara.

Nilianza kwa heshima. Nikamweleza Mama Pasi kwamba juma hili, mwaka 1904, mataifa mawili makubwa yaliacha uhasama wao, na kwamba mimi ni mtu wa kuiheshimu historia. Akaendelea kupiga pasi. Nilipofika kwenye kusaini, akaniuliza nimekata nini vibaya.

Nikaweka mikono mezani. Akaigeuza mara moja tu, akaelewa. Hakucheka. Alikwenda nyuma kuchukua pini, na huko ndiko alikocheka, nilimsikia.

Aliporudi akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Wiki yake ya kwanza kwangu, alikata hivyo hivyo, mikono miwili ya kushoto ya blauzi ya mteja mkali. Akadhani nitamfukuza. Mimi nikamwambia mteja kwamba kosa ni langu, nikanunua kitambaa kingine. Alisema hajaacha kulikumbuka.

Nilimfikiria Dada na yale maneno ya pupa, nikajisikia vibaya kweli, kwa muda.

Amelibana gauni kwa siku moja. Lesi ya ile mikono ameikata utepe, akazungushia tundu zote mbili na kiunoni. Limependeza kuliko nilivyochora. Akanisihi, siku nyingine nitie alama ya chaki kwenye uso wa kitambaa na nikunje kwanza. Nikaitikia. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Dada.

Jumamosi, 8 Aprili

Imekwisha, na imekwisha salama!

Juzi Dada aliliona gauni, akauliza mikono iko wapi. Nilikuwa tayari. Nikafungua kitabu, nikamwonyesha yule mwanamke wa marumaru, nikamwambia amefukuliwa tarehe 8 Aprili, tarehe ile ile aliyoichagua yeye mwenyewe, na kwamba fundi anayejua kazi hawezi kulipuuza jambo kama hilo. Shemeji akasimama. Mwaka 1820, akasema, sasa yuko Paris, na watu husafiri kutoka kila pembe kumtazama bila kumwuliza mikono yake iko wapi. Ni mara ya kwanza Shemeji kuwa upande wangu. Nusura nimkumbatie.

Dada akatazama picha, akamtazama binti yake aliyekuwa ameshika pumzi. Akasema kumbe tarehe ilijua. Basi.

Leo bibi harusi amecheza mpaka viatu amevivua. Mikono yake miwili, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa hewani muda wote. Dada analia kwa furaha na kuwaambia watu kwamba kaka yake husoma vitabu. Wanawake wakaja kuuliza nani ameshona. Nikafungua mdomo. Bibi harusi akaniwahi, akasema ni Mjomba na Mama Pasi. Mama Pasi alikuwa meza moja nami, akanisogezea soda.

Nusu ya sifa inanitosha. Karibu inanitosha. Roho imetulia, leo nitalala.

Jumatatu, 10 Aprili

Mteja mpya! Rafiki wa bwana harusi. Anaoa tarehe 20 Mei, anataka suti ya kijivu, na ameniletea kitambaa chake mwenyewe. Amesema ameniona mimi ni fundi mwenye maono.

Nilianza mara moja, moto ungali unawaka. Chaki sikuiona ilipo, na kukunja kunachelewesha. Nikaweka kitabu juu ya kitambaa kisiteleze, nikakata suruali.

Miguu yote miwili ni ya kulia.

Nimepita dukani. Kitambaa hicho kimekwisha, mzigo utaingia Juni. Ng'ambo ya barabara taa ya Mama Pasi inawaka, lakini ya nini kumsumbua mtu kwa jambo dogo? Nimefungua kitabu. Tarehe 20 Mei, mwaka 1506, baharia Kristofa Kolumbo alifariki, na kitabu kinasema alikufa angali anaamini kwamba alifika Asia. Safari zote zile, maskini, na hakujifunza kitu.

Itanifaa sana. Kesho nampitia bwana harusi huyu mpya, nikiwa na uso wa huzuni.